Nilibonyeza "Ndiyo" kwenye update, Mama Asha watano wakawa mmoja

Wakuu, salaam kwenu. Hiki kimenitokea mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Wa kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho.

Mimi ni darasa la saba. Biashara zilipoachiwa huru nilianza kupandisha maji Newala kwa baiskeli, madumu manne, mlima wote nakokota kwa miguu.

Leo nina maboza matatu ya maji, ofisi Masasi pale Mkomaindo, na kituo Newala. Wenye digrii wananiomba kazi. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Kati ya watu wa maji, mimi ndiye niliyetangulia kuweka oda kwenye system ya cloud, ile ya mtandaoni. Mteja anapiga, karani anaingiza, dereva anaona kwenye simu yake pa kwenda. Madereva niliwaambia: usiulizeulize njiani, simu inajua.

Shida ya cloud, wakuu, hununui yakaisha kama boza. Kila ukizoea, inaleta update.

Ijumaa moja ikaja. Karani wangu Mama Neema, mtu mtulivu, form four, akasema, "Baba Juma, hapa inauliza kitu kuhusu wateja. Tusome kwanza."

"Mama Neema, hii kampuni niliijenga kwa kusoma?"

Ofisi ikacheka. Nikachukua simu yake, nikabonyeza Ndiyo. Nikajiona mwamba.

Kumbe iliuliza kama iunganishe wateja wanaojirudia.

Na huku kwetu mnajua, mama wa watu humwiti jina lake, ni kumvunjia heshima. Anaitwa kwa mtoto. Tulikuwa na Mama Asha watano. Namba za simu hatukuweka, maana wengi huagiza kwa simu ya jirani.

System ikaona ni mtu mmoja kaandikwa mara tano. Ikawafanya mmoja, ikabakiza mahali pa yule wa kwanza, wa Kitangari.

Sasa Mama Asha wa Mkunya alikuwa na arobaini ya mumewe kesho yake, Jumamosi. Kaagiza boza zima mapema kabisa. Na Newala maji hayaazimwi, jirani naye anasubiri.

Saa nne asubuhi akapiga. Wageni wamefika, mchele haujaoshwa, pipa kavu.

Nikampigia dereva, Bakari.

"Bosi, mbona nimeshusha zamani! Mama kafurahi huyo, anasema mwanawe wa Dar kamkumbuka. Kanifungia na korosho."

"Mama gani?"

"Si Mama Asha? Wa Kitangari."

Nikakata simu.

Boza jingine lenye maji lilikuwa Masasi. Nikaliendesha mwenyewe, mlima ule ule wa baiskeli. Nafika, adhuhuri imepita. Wanaume wametayamamu kwa udongo, wameshaswali. Masufuria yamefunikwa, matupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Juma, marehemu alinunua maji kwako tangu una baiskeli. Leo ndiyo umetusahau?"

Ningesema system? Kidole kilichobonyeza ni changu. Nikafungua bomba, nikajaza ndoo mimi mwenyewe, tai yangu shingoni.

Fundi alitusaidia kuwatenganisha. Sasa kila jina lina kijiji chake. Update hatuigusi Ijumaa, tunangoja siku yenye oda chache. Mama Neema anatoa kwanza nakala ya wateja wote, anaiweka pembeni. Kisha ananisomea kila swali kwa Kiswahili, mimi mkono mfukoni.

Update ikiisha, tunawatafuta Mama Asha kwenye system, mmoja mmoja. Wakitimia watano, ndiyo nasema washeni magari.

Nilidhani system ukishainunua inakujua. Haikujui. Wateja unawajua wewe, na kila update inabidi uhakikishe bado wapo.

Mama Asha wa Mkunya bado anaagiza kwangu. Ila siku hizi akipiga anaanza, "Ni mimi, yule wa Mkunya." Hapo aibu inanirudia upya.

Wenye biashara humu, kwenu nani anasoma update kabla ya kubonyeza? Nielezeni. Siku hizi nasikiliza.