Uvimbe wa Mama, Jibu la Setla

Nilirudi kutoka Ulaya na diploma ya maabara, wa kwanza kutoka laini zote za nyumba za vibarua kule Bahati, na masomo yenyewe nilijilipia kwa kuosha vyombo vya watu. Nilitarajia kuchinjiwa mbuzi. Nilimkuta mama akichuma maua ya pareto peke yake mwisho wa shamba, wanawake wenzake wamemkimbia.

Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari Mzungu wa mjini Nakuru alimpapasa bila kumsemesha, kisha jibu akampa setla, Mzungu mwenzake mwenye shamba, kama anavyopewa habari za ng'ombe wake. Ndivyo mambo yalivyokuwa: mgonjwa ni wetu, jibu ni la bwana. Setla akamwambia nyapara, naye nyapara akawatangazia wachumaji: "Huyu mama ana neoplasm. Hiyo ni kifo. Msikule na yeye."

"Nani alikuambia ni kifo?" nilimuuliza.

"Sasa neno refu hivyo litakuwa homa ya mafua?"

Neno hilo nililijua vizuri kuliko yeye alivyolijua shamba lile. Ni la Kigiriki: neos, kipya, plasma, kilichofinyangwa. Kitu kipya kilichoota mwilini, basi. Kinaweza kuwa donge lisilodhuru, kinaweza kuwa saratani. Neno lenyewe halisemi ni lipi. Na watu wazima walikuwa wamekwisha kumzika mama yangu kwa neno hilo!

Kesho yake nilivaa suti, nikampeleka hospitali. Daktari yule yule alinitazama mimi, si mama.

"Mwajiri wake ameshaambiwa," alisema kwa Kiingereza.

"Titi si la mwajiri," nilimjibu, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko chake.

Akakohoa. Akaeleza kwamba lazima akate kipande, kitazamwe kwa darubini, ndipo ijulikane. Kabla sijamtafsiria mama, akamwita tarishi: "Lete chai. Na usisahau sukari kama jana." Kwa Kiswahili! Siku ile alipompapasa mama kimya kimya, alikuwa nacho Kiswahili hicho!

Nilikuwa nimeshainuka nimpe yake, mama akanivuta koti.

"Tulia, baba." Kisha akamgeukia daktari. "Kumbe tunasikizana. Haya, nikate. Lakini jibu likitoka usilipeleke shambani. Mimi ndiye utaniambia, hata likiwa baya."

Daktari akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Ndiyo, mama," akasema. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwa mama.