Baba Mkwe na Dada wa Kwenye Simu

Asubuhi mume wangu, Ambakisye, alinipigia simu kutoka Dodoma: baba yake kijijini kwao, Ikuti, alikuwa anapumua kwa shida, na kwa mvua ile hakuna bodaboda ambayo ingemfikisha hospitali. Gari lilikuwa kwangu, Mbeya. Njia sikuijua, Ikuti nilikuwa nimefika mara moja tu, siku ya kutambulishwa. Niliondoka hivyo hivyo.

Hadi Tukuyu ni lami, haina neno. Shida yangu ilikuwa mashine. Gari letu la mtumba lilikuja na skrini ya ramani ambayo mpaka leo inaamini iko Japani: inakusemesha Kijapani kwa heshima zote, huku ikikuonyesha uko katikati ya bahari. Kwa hiyo nilitegemea simu. Ramani ya Rungwe, wilaya yao, nilikuwa nimeipakua mapema, maana ikishapakuliwa haihitaji bando. Inasoma setilaiti tu. Dada anayeongea humo alinifikisha, ingawa alinizungusha mashamba ya chai.

Ikuti, mama mkwe alinipokea akiwa na macho mekundu.

"Mwe, mwanangu! Baba atakaa nyuma na mimi. Wewe usigeuke."

Kwa wazee wa Kinyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Nikakiinua kioo cha ndani kitazame juu. Nikabaki kuisikiliza pumzi yake, fupi na yenye kukwaruza.

Tulipotoka kijijini kwenda hospitali ya Tukuyu, simu iliniambia nipinde kulia, njia fupi. Sauti nyembamba ikatoka nyuma.

"Mama Ambakisye, mwambie huyo dada wa kwenye simu, daraja la huko limekwenda na maji. Apite kushoto."

Mama akainama mbele, akaipigia simu kelele: "Dada! Kushoto!"

Nikapinda kushoto. Simu ikakokotoa njia upya, ikaniamuru nigeuze gari.

"Mbishi huyu," mzee akasema, kisha akakohoa sana. Siku nyingine ningecheka.

Tulikwenda hivyo, yeye akiielekeza simu, mimi nikitii. Kisha ukungu ukashuka, tukafika njia panda katikati ya migomba. Ramani ikaganda. Nyuma, kimya. Mvua ilipiga bati la gari hata pumzi yake sikuisikia tena. Nikaogopa mno.

"Baba!" niliita. "Baba, kushoto au kulia?"

"Mkwe, jamani!" mama akashtuka.

Nikasubiri.

"Kulia," ikaja sauti. "Kulia, mwanangu. Endesha."

Tukuyu walimpokea kwa kiti cha magurudumu, wakamwekea oksijeni. Mimi nilibaki koridoni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kwamba kuna siku utamwuliza usiyeruhusiwa kusema naye. Hilo nimejifunza mwenyewe. Ramani inajua barabara ilipochorwa, haijui mvua imeifanya nini.

Kesho yake, nilipokuwa najiandaa kurudi Mbeya, mama akatoka wodini.

"Anauliza, dereva wake mbona haingii?"

Nikaingia, macho chini.  Mzee akavuta miguu yake pembeni kitandani, nipate pa kukaa.