Nchi Ambayo Fundi Kamba Hakuitaja

"Mjomba, watu wa nchi gani wanapenda ngumi kuliko wote?"

Aliyeuliza alikuwa mpwa wake, ambaye nyumbani wote walimwita Binti. Wakati huo alikuwa darasa la pili, amekalia rundo la sponji katika karakana ya mjomba, miguu ikining'inia. Mjomba mtu alikuwa na misumari midogo mdomoni, anawamba kitambaa kwenye kochi. Akaitema misumari kiganjani, akatazama dari kana kwamba jibu limebandikwa huko juu.

"Inategemea," akasema.

Kisha akaanza hadithi, nayo ikazaa nyingine, mpaka mama yake Binti akaja kumchukua mtoto akaoge. Swali likabaki palepale.

Mtaani walimwita Fundi Kamba. Wageni walidhani ni kwa sababu ya wembamba wake. Kumbe kabla ya makochi alikuwa fundi wa ulingo, yule mtu ambaye hakuna anayemtazama: anayeunga mbao, anayetandika sponji juu ya mbao, anayewamba turubai juu ya sponji, halafu anakaza kamba pande zote nne. Alizunguka na promota mmoja kutoka nchi hadi nchi, akilala kwenye lori juu ya turubai lililokunjwa. Mabondia walibadilika kila safari. Yeye na ulingo wake walikuwa walewale.

Binti alikua akizijua hadithi zile kwa ghibu. Kulikuwa na nchi ya baridi, ambako ulingo ulifungwa juu ya uwanja wa barafu uliofunikwa mbao. Ubaridi ulipanda hadi kwenye nyayo, mabondia wakawa wanarukaruka kabla ya kengele, si kwa mbwembwe, ni kuganda tu. Watazamaji wa huko hawakupiga kelele; walikanyagakanyaga sakafu kwa viatu vyao vizito, ukumbi ukanguruma kama tumbo lenye njaa. Kulikuwa na nchi ambako ngumi zilipigwa hotelini, chini ya taa za vioo, watu wakila kwa uma huku wenzao wanatokwa damu. "Bondia akianguka, unasikia vijiko vinawekwa mezani. Basi. Halafu wanaendelea kula." Kulikuwa na nchi ya visiwa, kwenye uwanja wa mpira, mvua ya rasharasha inanyesha, watu wamejaa juu ya mapaa na filimbi mdomoni. Na kulikuwa na nchi yenye ukumbi mkubwa kama bandari na viti vitupu kila upande, watu wa huko hawana habari kabisa na ngumi, ila bibi mmoja mstari wa mbele, anafuma sweta. "Hainui macho, lakini ngumi ikitua anataja ni ya mkono gani. Kwa sauti tu!"

"Na hapa kwetu?"

"Hapa kwetu kila mtu ni kocha. Ule ukumbi wa sinema wa zamani, unaukumbuka? Huukumbuki, hukuwa umezaliwa. Watu wanasimama juu ya viti: 'Mpe tumbo! Tumbo, wewe, hulioni lilivyo kubwa?' Mpaka mwamuzi anacheka."

"Kwa hiyo ni sisi tunaopenda zaidi."

"Kelele hata mashine ya kusaga inapiga, mama."

Alimfundisha pia kwamba kila nchi ina sakafu yake. Wengine wanataka ulingo laini, bondia asimame apigane. Wengine wanautaka mgumu, sponji nyembamba, miguu iende mbio, pambano liwe kama dansi. "Niambie sakafu wanayotaka," alisema, "nitakwambia ni watu wa namna gani." Akisema hivyo alikuwa anainuka ghafla kwenda kubonyeza kochi ambalo lilikwisha kamilika.

Hilo la kubonyeza ndilo lililoanza kumtia Binti wasiwasi. Mjomba alibonyeza kila kiti kwa kisigino cha kiganja, kidogo kidogo kutoka kona hadi kona, anasikiliza, kama daktari anavyopima kifua. Sponji aliweka maradufu. Wateja walimtania.

"Fundi, kochi lako limemmeza mama mkwe! Tumemkuta leo asubuhi."

"Hakuumia?"

"Si utani tu, Fundi!"

"Najua. Hakuumia?"

Halafu kulikuwa na jambo la makofi. Binti alilitambua akiwa darasa la sita, siku alipopewa zawadi ya kuandika insha. Jina lake liliposomwa, ukumbi ukalipuka kwa makofi, naye akageuka kumtafuta mjomba. Kiti chake kilikuwa kitupu. Alimkuta nje kwenye bomba, maji yanamwagikia mikono yake, na hakuwa ananawa. Alikuwa ameikinga tu.

Ndipo Binti alipoanza kuzipitia tena hadithi zote kichwani. Watu walikanyaga sakafu, walipuliza filimbi, walipiga mayowe, waliweka vijiko chini. Katika nchi zote hizo, hakuna hata mtu mmoja aliyepiga makofi. Inawezekanaje?

Alimuuliza mama yake, aliyekuwa anapiga pasi. Mama akaisimamisha pasi wima.

"Kuna safari moja alirudi na basi, peke yake. Ulingo aliuacha hukohuko. Tangu siku hiyo hajagusa kamba, na nchi yenyewe hajaitaja. Muache kaka yangu. Usimchokonoe."

Binti alimuacha. Lakini akili yake haikumuacha yeye. Alipoingia sekondari alijiunga na timu ya ngumi ya wasichana, na hata yeye hakujua kama ni kwa kupenda ngumi au kwa kutaka kusimama mahali alipokuwa mjomba.

Siku moja mwalimu wa michezo alifika karakana. Shule ilikuwa inaalika shule nyingine kwa pambano la kirafiki.

"Shikamoo, Fundi. Tumesikia zamani ulikuwa unafunga ulingo."

"Zamani," mjomba akasema, bila kuacha kazi.

"Si kitu, tutatandika mikeka ya mazoezi juu ya saruji, na kamba za kuanikia nguo..."

Nyundo ikasimama hewani.

"Saruji? Nani atapigana hapo?"

"Watoto wetu. Huyu mpwa wako yumo."

Mjomba alimtazama Binti kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kwa jina mahali ambapo hakutegemea kufahamika.

"Msitandike kitu," akasema. "Nakuja."

Aliufunga ulingo katika ukumbi wa shule kwa mbao za kuazima na sponji yake mwenyewe. Alitandika tabaka moja, akatandika la pili, akatandika la tatu. Mwalimu wa shule ngeni alipopanda kuujaribu alishuka akilalamika.

"Fundi, huu ulingo au godoro? Miguu itazama!"

"Izame."

Kisha akamwambia Binti avue viatu, atembee peku kila mahali. Binti alizunguka, akarudi, akakanyaga kona zote. Alipokuwa anashuka alimshika mjomba bega.

"Kesho utakaa ndani, Mjomba?"

"Nitaangalia."

"Nikiangalia mlangoni nisipokuona, nitashindwa hata kukunja ngumi. Nakwambia kweli."

Mjomba akapiga magoti. Alikuwa anabonyeza kona.

Kesho yake ukumbi ulifurika wanafunzi, joto na harufu ya viatu. Mpinzani wa Binti alikuwa mrefu, mikono kama makasia. Raundi ya kwanza Binti alimkimbia vizuri. Raundi ya pili akanaswa konani, akapigwa moja ya taya ambayo hakuiona kabisa. Akaanguka chali. Kisogo chake, pamoja na kofia ya kinga, kikaenda moja kwa moja sakafuni.

Sakafu ikampokea. Ilizama naye kidogo, ikamrudisha juu taratibu.

Ukumbi ulinyamaza. Akiwa pale chini, mwamuzi anahesabu, Binti aligeuza shingo kutafuta mlango. Mjomba alikuwa amesimama pale, mkono kwenye kitasa, mdomo wazi. Hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaiangalia sakafu.

Binti akainuka. Makofi yakaanguka kama mvua ya mawe juu ya bati. Alimwona mjomba akijikunyata, akiificha mikono yake kwapani kama mtu anayeogopa itafanya kitu yenyewe. Kitasa kikashuka. Binti akatikisa kichwa, taratibu: usitoke. Kitasa kikapanda tena. Mjomba akabaki.

Binti alishindwa kwa pointi, na hakujali.

Watu walipokwisha kuondoka walibaki wawili wao kufungua ulingo. Jua la alasiri liliingia kupitia madirisha ya juu, vumbi linaelea. Mjomba alikuwa amepiga magoti konani, analegeza turubai.

"Uliwahi kuniuliza," akasema, "watu wa nchi gani wanapenda ngumi kuliko wote."

Binti aliweka kamba chini. "Nilikuwa darasa la pili."

"Kuna mji mmoja. Walitaka sakafu ngumu kuliko zote nilizowahi kufunga. Promota akaniambia nitoe sponji, nikatoa. Bado, toa nyingine. Ikabaki kama blanketi juu ya mbao. Mchana akaja bondia kijana wa palepale kujaribu, peku kama wewe jana. Akarukaruka, akacheka, akanionyesha dole gumba. Aliipenda! Lugha yake sikuijua, lakini hilo nililielewa."

Alivuta turubai na sponji kando. Kiganja chake kilikuwa kinabonyeza mbao tupu.

"Akaanguka?"

"Akaanguka usiku uleule, kwa kisogo. Ule mlio, mama, si mlio wa mtu. Wakamtoa kwa machela, mkono wake unaning'inia. Tulisikia baadaye kwamba hakuamka. Lakini turubai lilikuwa limelegea alipoangukia, na lilikuwa limebaki pambano moja. Nikaitwa. Nikapanda na nyundo yangu, nikakaza, nikaruka mara mbili kuwaonyesha kwamba pako sawa. Ukumbi mzima ukasimama."

"Wakafanya nini?"

"Wakanipigia makofi. Mimi, fundi, ambaye hakuna nchi iliyowahi kuniona! Walipiga na kupiga, machela hata haijafika mlangoni." Aliitazama mikono yake. "Hao ndio wanaopenda ngumi kuliko wote, mwanangu. Na mimi niliinama kuwashukuru."