Nilivyowakaushia Maji Wageni wa Mzee Kirwa

Nianze kwa kukiri, kwa sababu najua wengine wenu mmeshaisikia hii kule kwa kinyozi ikiwa imetiwa chumvi: ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye niliyemaliza maji ya jengo zima siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimewakataza watu kuyagusa, na mimi ndiye niliyepanda ngazi na umati nyuma yangu kwenda kumsaka mwizi. Chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikilize, maana mpaka leo nikisimulia siwezi kukaa, lazima niinuke nitembeetembee.

Tunakaa mtaa wa Kimumu, ghorofa nne, nyumba nane, na tangi moja juu ya paa linalojazwa na pampu ya kisima. Mimi niko ghorofa ya juu kabisa, peke yangu na samaki sita. (Dada yangu husema nitaoa siku samaki hao watakapojifunza kupika.) Wapangaji walinichagua mwenyekiti wa maji, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote, na cheo kikanikaa vizuri kupita kiasi. Ukifungua grupu yetu ya WhatsApp asubuhi, kabla hujaona salamu ya mtu yeyote unakuta onyo langu kuhusu mfereji unaovuja.

Sasa, samaki wangu si wa kukaanga. Wanaitwa diskasi, ni wa duara kama sahani, wana mistari ya buluu, na wanadeka sijapata kuona. Maji ya kisima chetu yana chumvi mpaka sufuria zinafanya ukoko mweupe, na diskasi hawezi kuzaa vizuri kwenye maji ya namna hiyo, kwa hiyo nina mashine ya kuchuja, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba unaoiacha chumvi nyuma. Maji yake ni safi ajabu, ila mashine ina ubaya mmoja ambao sikuwahi kuutaja kwenye grupu: ukipata mtungi mmoja safi, umemwaga mitatu au minne. Tena huku juu presha ni ndogo, yalikuwa yanadondoka tone, tone, tone, na mimi si mtu wa kungoja. Nikaiboresha. Nikafunga pampu ya kuongeza presha, inayoyavuta maji ya tangi kabla hayajawafikia wa chini, nikaongeza utando wa pili, nikaweka na koki ya kuuosha utando, ambayo ukiifungua maji yote yanapita kwa kasi kwenda nje yakisomba uchafu, na baada ya dakika tano unaifunga. Dakika tano tu! Mpira wa maji taka nikaupitisha dirishani nikauchomeka kwenye bomba la maji ya mvua, nyuma ya jengo, usionekane. Siwezi kusema nilikuwa najificha. Sawa basi, nilikuwa najificha.

Wiki hiyo pampu ya kisima ikaungua siku ya Alhamisi, na fundi akasema mpaka Jumatatu. Na Jumamosi Mzee Kirwa wa chini, mwalimu mstaafu, alikuwa na koito ya binti yake Jepkoech, yaani watu wa upande wa kijana wanatoka Kapseret kuja kuposa rasmi. Mzee alipanda ngazi zote hizo na goti lake bovu, akasimama mlangoni kwangu, akavua kofia.

"Chairman, nisaidie. Watu wasiguse hiyo maji kidogo imebaki. Wageni wakikosa hata ya kunawa, mimi nitawaangalia aje?"

Nikamshika mkono nikamwambia alale usingizi. Nikatuma ujumbe kwa herufi kubwa: JUMAMOSI HAKUNA KUFUA, HAKUNA KUOSHA GARI, ATAKAYEPATIKANA TUTAMTAJA. Watu wakanung'unika, lakini Mama Njeri wa ghorofa ya tatu aliandika tu "Sawa Chairman." Huyu mama anafulia watu nguo, hiyo ndiyo kazi inayomlisha, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Nilimwona Ijumaa jioni akiwarudishia watu mafurushi yao bila kufuliwa.

Jumamosi asubuhi naamka, nakuta diskasi wametaga. Mayai yamejipanga juu ya jiwe kama mtama, mama yuko pembeni anayapepea, na mimi nikapagawa kabisa, nikaanza kuzunguka nyumba na mswaki mdomoni, maana mayai yale yalitaka maji laini, mapya, leo hii, si yale ya akiba yaliyolala kwenye pipa. Nikajiambia ni mtungi mmoja tu, mwenyekiti naye ni mpangaji, kwani nimeua? Nikafungua koki ya kuosha utando, nikawasha pampu, nikaanza kufunga tai nikingoja zile dakika tano.

"Chairman! Wageni wako kwa geti!" Mzee Kirwa anaita kutoka chini.

Nikatoka mbio, tai iko begani.

Nilikalishwa upande wa wenyeji, kiti cha mbele, jirani mwenye heshima. Mursik, yale maziwa ya kugandisha ya kibuyu, ikapita, maombi yakaombwa, wazee wakaanza kuulizana mambo ya koo taratibu, na mimi sikutulia hata kidogo. Kuna kitu nilikuwa nimesahau. Nikapapasa mifuko, simu ipo, ufunguo upo. Nikabadilisha mguu. Nikainuka, nikakaa. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza polepole kama nataka kuonyeshwa choo. Mazungumzo yakaenda hivyo mpaka saa saba, wakakubaliana, akina mama wakapiga vigelegele, chakula kikaletwa, na shangazi yake Jepkoech akaenda kujaza birika la kuwanawisha wageni.

Mfereji ukakohoa, ukapuliza hewa, ukanyamaza.

Nilimwona Mzee Kirwa anainamisha kichwa. Wageni zaidi ya ishirini wamekaa, mikono wameishika hewani, ugali unapoa, na yeye anaangalia sakafu. Nilisikia hasira, jamani, hasira ya kweli, na mtu mwenye akili angesema pole akanyamaza, lakini mimi nikasimama, nikarekebisha tai, nikasema, "Mzee, nipe dakika kumi. Aliyefanya hivi nitamleta hapa."

Nikapanda ngazi, na nyuma yangu wapangaji, na nyuma yao wajomba watatu wa bwana harusi (walikuwa wamekaa muda mrefu, nadhani walitaka kunyoosha miguu). Sikugonga milango mingine. Nilienda moja kwa moja ghorofa ya tatu kwa Mama Njeri.

Alifungua akiwa na kisu na kiazi nusu kimemenywa. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka chini, "Wengine wetu hawawezi kukaa siku moja bila kufua! Mnamharibia mzee siku yake kwa sababu ya nguo za watu!"

Akaniangalia. "Chairman, ingia uangalie basi. Beseni zangu ziko kavu tangu jana."

Sikuingia. Nilishasema, na nilikuwa nimeshageuka kuwaangalia wale wajomba nione kama wameridhika na uongozi wangu.

Hapo mmoja wao, mzee mrefu aliyevaa gumbuti, vile viatu virefu vya mpira, akainua kidole. "Nyamazeni kidogo. Maji inalia nyuma ya nyumba."

Tukashuka, tukazunguka. Jua linawaka, hakuna wingu hata la dawa, na bomba la maji ya mvua linatapika maji safi yanayong'aa, yameshafanya kijito mpaka kwenye ua wa jirani na bata wawili wanaoga. Nilipoona wale bata ndipo nikakumbuka nilichosahau. Yule mzee ana ng'ombe wengi na amevuta mabomba shambani kwake maisha yake yote, hakuhangaika na watu. Alifuata bomba kwa macho, pole pole, ghorofa ya pili, ya tatu, mpaka kwenye mpira wa buluu unaotoka dirishani.

"Hiyo nyumba ni ya nani?"

Mama Njeri, ambaye alikuwa ametufuata na kisu chake cha viazi, akasema, "Ni ya Chairman."

Sitawasimulia jinsi nilivyopanda zile ngazi. Walinifuata wote, wakajaa nyumbani kwangu, pampu inanguruma, watoto wakaanza kugonga kioo cha samaki (diskasi wakitishwa hula mayai yao wenyewe, na walikula, yote, tukiwaangalia). Nikazima pampu. Pembeni palikuwa na pipa langu la maji yaliyochujwa, akiba ya wiki mbili. Nikayachota yote kwenye mitungi na kuanza kuteremsha, miwili miwili, shati la koito limenishika mgongoni.

Kwenye ghorofa ya tatu Mama Njeri akanizibia njia.

"Mimi sijali mambo ya maji," akasema. "Lakini ulitaja mimi mbele ya watu. Nenda unitoe mbele ya hao hao."

Nikamwambia jioni nitaandika kwenye grupu. Akatikisa kichwa. "Hao wa Kapseret wako kwa grupu?"

Kwa hiyo wageni walipokwisha kunawa nikasimama tena, pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nikasema, "Wazee wangu, Mama Njeri hakugusa maji. Aliacha kazi yake ya leo kwa heshima yenu, na mimi nikamwita mwizi. Aliyemaliza maji ni mimi, kwa sababu ya samaki."

Yule mzee wa gumbuti akauliza, "Samaki wa kukula?"

"Hapana, Mzee. Wa kuangalia."

Kilichofuata ni kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka mtaa wa Elgon View. Mzee Kirwa alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka, na akaamuru Mama Njeri aletewe kiti na sahani kabla yangu. Mimi nilikula nimesimama mlangoni, na nilistahili.

Uenyekiti ulichukuliwa Jumapili, kwenye mkutano uliokwisha kabla sijafika, na sasa anao Mama Njeri. Nilifunga swichi inayozima pampu yenyewe baada ya dakika tano, na maji taka yanaingia kwenye pipa la kusukumia vyoo vya jengo zima. Maji safi ya kwanza kila Jumamosi si ya samaki tena: ni ya Mama Njeri, kwa nguo nyeupe, kwa sababu aligundua kuwa sabuni inafanya povu nayo haraka. Hakuniomba. Alituma tu mitungi mitupu.

Na mimi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu: kitu kikipotea pale kwetu, hata kiwe kijiko, sitamtaja mtu kabla sijaingia kwangu, nikafunga mlango, nikajisachi.