Cherehani Kwenye Jukwaa la Bi Hewa

Mume wangu ni fundi vinanda. Kinanda kikikwama kitufe, kikipiga kelele bila kuguswa, kikikataa kuwaka, watu wanamletea yeye. Wanamwita Fundi Kimya, maana ukimsalimia akiwa na waya mkononi, salamu yako ataiitikia kesho. Nimeolewa naye tangu hana hata bisibisi ya kwake, kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Na nasema hivi: huyo mtu hakuwahi kumsifu mtu mikono mpaka alipokuja Bi Hewa.

Jina la Bi Hewa nimempa mimi. Anapiga theremini. Kama hujaiona, ni kisanduku chenye antena mbili, na mpigaji hakigusi kabisa. Mkono wa kulia ukikaribia antena iliyosimama, mlio unapanda; ukirudi nyuma, unashuka. Mkono wa kushoto unakuza sauti na kuipunguza. Basi anasimama pale, mrefu, shingo imenyooka, vidole vinacheza hewani, na kisanduku kinalia kama mtu. Siku ya kwanza alipopiga karakanani kwetu, mume wangu aliweka chini chai yake bila kuinywa, akasema, "Dada, una mikono."

Una mikono! Kwani sisi wengine tuna kwato?

Alichotaka Bi Hewa ni mikono yake hiyo ipige kinanda bila kukigusa: atoe hewani sauti za fidla, filimbi, hata kwaya nzima. Mafundi wengine walishindwa. Vinanda na kompyuta huongea kwa lugha inayoitwa midi, na mume wangu alinieleza huku macho yanamng'aa: midi inajua kubonyeza na kuachia, basi. Noti hii imeanza, noti hii imeisha. Sasa mkono unaoteleza hewani umebonyeza nini? Umeachia saa ngapi? Mwanzoni kompyuta iliukatakata ule mlio mtelezo ukawa kama ngazi. Mkono ukitetemeka kidogo tu kati ya noti mbili, kinanda kinazibwabwaja zote mbili kwa zamu, tatatatata. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Hakuna aliyecheka nami.

Dawa yake ilikuwa kupima. Bi Hewa aweke mkono hapa, kompyuta ishike. Asogeze kidogo, ishike tena. Noti kwa noti, siku baada ya siku. Na mwanamke huyo alishasema wazi, mbele yangu, bila haya: onyesho la kwanza likienda vizuri, ana safari za mwaka mzima, na ataondoka na fundi wake. Fundi wake!

Siku hiyohiyo nilihamishia cherehani yangu karakanani. Nikasema chumbani kwangu mwanga hautoshi. Dada yangu akanionya, "Shauri yako. Wivu kidonda, ukishiriki utakonda." Mbona mimi nilinenepa? Niliiweka cherehani karibu kabisa na kile kisanduku, mahali ambapo hawawezi kupeana hata msumari bila mimi kuona, nikakaa nikashona.

Kumbe theremini nayo ni mbea. Inahisi kila mwili ulio karibu. Nikiinama kuokota sindano, mlio unapanda. Nikigeuka kuwatazama, mlio unayumba, na wote wawili wananikazia macho. "Mke wangu, usitingishike," ananiambia. Akimgeukia yeye: "Hapohapo, dada. Safi sana. Laini hivyohivyo." Kwangu, usitingishike. Roho iliniuma jamani, iliniuma mpaka nikashonea mkono wa gauni la mteja kwenye shingo. Lakini sikutoka. Wakipima, natulia tuli, mguu juu ya pedali. Wakipumzika, nashona kwa hasira.

Siku ya onyesho niliambiwa viti vimejaa. Sawa. Nikabaki nyumbani nimevimba kama andazi. Alasiri simu ikalia, mume wangu, anahema.

"Uko wapi? Njoo. Na uje na cherehani."

"Cherehani ya nini huko?"

"Tulipima ukiwa umekaa pale, wewe na hilo chuma lako. Sasa hampo, noti zote zimehama. Nikizirekebisha za chini, za juu zinaharibika. Kupima upya ni kazi ya siku nyingi, na watu wameshaanza kuingia. Tafadhali, mke wangu."

Nikakaa kitandani. Nisipokwenda, onyesho linaanguka, safari inakufa, mume anabaki. Nililitazama wazo hilo kwa raha zangu, sikatai. Lakini nikawaza pia: yule na vidole vyake vyote amekwama, na anayetafutwa ni mimi. Nikavaa gauni langu la kijani.

Wanaume wawili walipandisha cherehani jukwaani. Mume wangu akaniweka kitini, akanishika mabega, akanisogeza kidogo, akarudi nyuma kuangalia, akanisogeza tena. Watu ukumbini walidhani ndiyo sanaa yenyewe, wengine wakapiga makofi. Bi Hewa akaninong'oneza, "Asante, dada." Sikumjibu. Si nimekatazwa kutingishika?

Akainua mikono, na kwaya nzima ikatoka hewani. Ilikuwa nzuri, potelea mbali, ilikuwa nzuri. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali. Nikanyage mara moja tu, tatatatata, aibu mbele ya ukumbi mzima, na hakuna cha safari wala fundi wake. Nikamtafuta mume wangu pale pembeni kwenye kompyuta yake. Hakuwa anamtazama Bi Hewa. Alikuwa ananitazama mimi, jasho linamtoka, na hakuyaondoa macho kwangu wimbo baada ya wimbo. Pua iliniwasha, sikuikuna. Mguu ukafa ganzi, nikauacha. Nilishapiga hesabu zangu: huyu hana pa kwenda bila mimi. Tutasafiri watatu, mimi na cherehani yangu katikati, na Bi Hewa atanizoea tu.

Ukumbi uliposimama kushangilia, alikuja mbio nyuma ya pazia, akanikumbatia mbele za watu, yeye, Fundi Kimya. "Umetuokoa! Safari ipo!"

"Tunaondoka lini?" nikamuuliza. Nilishaanza kufikiria nani nimwachie nguo za wateja.

"Sisi? Aa, wewe usijali," akasema, huku akikunja waya wake. "Kuanzia kesho napima upya, chumba kikiwa kitupu. Hutasumbuliwa tena."

Nilimwangalia. Alikuwa na furaha ya kweli, hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Basi kizoee hicho chumba kitupu," nikamwambia, "maana ndicho utakachokikuta ukirudi."

Akacheka, akidhani natania.