Chunjua Alizozitia Vahwere Pilipili

Pale Ngezi, mwenye bawasiri alipelekwa kwa mama Vahwere. Alikuwa na kipira chake cha kupigia lavema, yaani kuingiza dawa kwa njia ya haja kubwa, pilipili iliyotwangwa na maji ya uvuguvugu. Basi mkamwana wake Falone aliposema anawashwa nyuma na kuona damu, mama mkwe hakuuliza wala hakutazama. Alimlaza ubavu.

"Mama, inaniunguza!"

"Kaza roho, mutoto. Emoroide, bawasiri hii, haiogope maneno, inaogopa pilipili."

Siku zikapita hivyo, hadi Falone akashindwa kuketi. Alilala kifudifudi, machozi yakilowesha mkeka. Vahwere mwenyewe ndiye aliyemshika mkono kwenda kituo cha afya.

Muuguzi Emerance alivuta pazia, akamulika, akatazama bila haraka.

"Mama, karibia uone. Emoroide ni mushipa umevimba, juu yake iko laini. Hivi viko vinundu vingi, vinakwaruza, vimeshikana sawa ua la shufleri, ile kabichi nyeupe. Ni masundosundo, chunjua za sehemu hii. Zinatoka kwa virusi, ngozi kwa ngozi, kitandani. Pilipili imeongeza vidonda tu."

"Nani alimuletea?" Vahwere aliuliza.

"Siwezi kujua. Virusi inaweza kujificha hata miaka. Bwana yake akuje, tumuangalie, tupime damu yao wote wawili, kwa magonjwa mengine ya kitandani."

Vahwere alikodolea macho vile vinundu. Alikwisha kuviona. Wakati wa Pasaka mwanawe Katsuva, mume wa Falone, aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Bambu akilalamika kuwashwa, alimpa lavema ileile. Mama hamtazami mwana mtu mzima. Lakini jicho lilikuwa limeona.

Jioni Falone alimpigia mumewe simu, aje apimwe. Matusi yalisikika hadi uani.

"Umalaya wako ndiyo unaniitia? Toka kwa nyumba yangu! Peana simu kwa mama. Mama, mufukuze!"

Vahwere aliishika simu. Katsuva alikuwa mwana wake wa pekee, naye ndiye aliyemlisha. Falone alikuwa ameanza kukunja vitenge vyake.

"Katsuva," alisema, "nilikuona nazo Pasaka. Mikono yangu ndiyo ilikutia dawa."

Nyuma ya Katsuva mashine za kusaga mawe zilinguruma.

"Basi, bakia na yeye."

Hakupiga tena. Falone alipakwa dawa pale kituoni wiki baada ya wiki, mama mkwe akingoja nje ya pazia, na chunjua zikaanza kunyauka. Za Katsuva, huko Bambu, hakuna aliyezitazama.