Sanduku la Maji la Bwana Samaki

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, afisa wa uvuvi, sisi tukimwita Bwana Samaki, alipanga chumba jirani yangu, hapa Makoko. Hodi alipiga kwa kucha, si kwa ngumi, na mikono yake ilinuka lami, maana aliunga mwenyewe vioo vya dirisha vikawa sanduku la kufugia samaki. Mchanga aliuosha mara saba, kila mara akiunusa. Akajaza maji, akakaa nayo siku ishirini bila samaki hata mmoja. Jioni alikuwaga anachuchumaa mbele yake kama anangoja yamjibu. Na ziwa liko hapo hapo, hatua arobaini! "Dada Dafroza," ananiambia kwa sauti ndogo, "maji lazima kwanza yazoee nyumba." Mimi nilifika darasa la nne, hilo sikufundishwa.

Alipokwenda Mugango kutafuta samaki, aliniachia ufunguo nifagie. Nikakuta maji yana ukungu, kioo kina utelezi. Mgeni apokelewe hivyo? Nikamwaga yote, nikasugua sanduku kwa majivu na sabuni ya mche mpaka likang'aa, nikajaza maji mapya. Akarudi amekumbatia kopo, ndani furu wawili, visamaki vile tunavyowapaga paka. Akanusa sanduku.

"Sabuni?"

"Nimekusafishia, bwana. Yalishachacha."

Akanitazama, akatazama kopo. "Hawa hawawezi kungoja siku ishirini nyingine," akasema. "Lakini ahsante, dada."

Nikamwona amepiga magoti ziwani, anawaachia furu polepole huku anawaambia kitu. Kisha akarudi na mchanga mpya, akaanza kuuosha. Mpaka leo najiuliza aliwaambia nini. Kama alinisema mimi, mbona kwangu alisema ahsante?